Reli Hufuata Mzigo

Kijana wa leo akiambiwa kwamba Mtanzania wa Shinyanga au Mwanza aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa basi alikuwa akipitia Nairobi, atadhani anapigwa fiksi. Lakini ndivyo mambo yalivyokuwa katika miaka ya 1990. Basi lilitoka Mwanza likashika njia ya Musoma, likavuka mpaka Sirari, likaikata Kenya hadi Nairobi, likarudi nchini kwa Namanga, likapita Arusha, ndipo likateremka pwani. Mipaka miwili na polisi wa nchi mbili, ili raia afike katika jiji la nchi yake mwenyewe! Sababu haikuwa siri. Kati ya Nzega, Singida na Dodoma palikuwa na barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na dereva mwenye akili timamu alifikiri mara mbili kabla ya kuingiza basi humo mvua zikishaanza.

Sasa, ndugu msomaji, hebu tujiulize. Kanda hii ndiyo iliyolima pamba iliyoiletea nchi fedha za kigeni. Ndiyo yenye almasi ya Mwadui. Ndiyo yenye dhahabu ya Geita na Kahama. Ilikuwaje basi tajiri huyu akakosa njia ya kutokea nyumbani kwake? Jibu la vijiweni ni kwamba wakubwa walitusahau. Mimi nasema hatukusahauliwa hata siku moja. Tulikumbukwa sana, ila kilichokumbukwa ni mzigo wetu.

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda ilipita Msalala, majirani zetu hapa Kahama. Watemi wa njiani walitoza hongo. Siku hizi neno hilo linanuka, lakini zamani hongo ulikuwa ushuru wa wazi: ukipita na pembe na vitambaa vyako katika nchi ya mtu, unamlipa. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga utawala wake juu ya njia hizo, na kuanzia mwaka 1871 alipigana vita na Waarabu wa Tabora kwa sababu hizohizo za nani apite wapi na kwa malipo gani. Sitaki kuwapamba watemi. Katika misafara hiyo watumwa walikuwamo, na mkulima wa kawaida hakugawiwa hongo. Hata hivyo, mwenye nchi alikuwa na neno juu ya njia inayopita katika nchi yake. Neno hilo ndilo lililokuja kupotea.

Wajerumani walipokuja walijenga reli. Ya kwanza ilianza Tanga mwaka 1893, ikielekea mashamba ya walowezi Usambara. Ya pili, ambayo tunaiita Reli ya Kati, ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wakati huo bidhaa za Mwanza zilikuwa zikivushwa ziwani hadi Kisumu, maana reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilikwisha kufika pale tangu mwaka 1901. Kwa hiyo mali ya Usukuma ilinenepesha bandari ya Mombasa. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitandika reli kutoka Tabora kwenda Mwanza, nayo ikakamilika mwaka 1928. Ilipita Isaka, ikapita Shinyanga, ikaenda hadi ziwani ikizoa pamba na karanga.

Itazame ramani ya reli hiyo. Kahama iliachwa pembeni, kiasi cha kilomita 40 kutoka stesheni ya Isaka. Hakuna aliyetuchukia. Kwenye hesabu za enzi hizo hatukuwa na mzigo wa kutosha, basi. Na pale palipoonekana mzigo, reli ilipatikana hata porini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijengwa njia kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi. Wakati huohuo ilijengwa reli huko kusini kwa ajili ya ule mradi maarufu wa karanga wa Nachingwea. Karanga ziligoma kuota, mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ya kusini iling'olewa. Iling'olewa, jamani! Watu wa Lindi na Mtwara walikuwapo palepale, walizaliwa, waliugua, walisafiri, walifanya biashara. Lakini karanga hazikuwapo, kwa hiyo reli haikuwa na kazi. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Turudi kwetu. Mwaka 1940 John Williamson, Mkanada, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, naye akamtunuku Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka uleule. Almasi hiyo ilifika Ikulu ya London bila kuhitaji lami ya Shinyanga. Hilo ndilo jambo la ajabu la madini ya thamani: unaweza kuyabeba kwa ndege ndogo. Pamba inahitaji behewa, na behewa likipita, hata mama mwenye kikapu cha nyanya anaweza kudandia. Almasi haihitaji kitu. Mwadui ilikuwa na hospitali yake, shule zake, umeme wake na uwanja wake wa ndege, vyote ndani ya uzio. Nje ya uzio ilikuwa Shinyanga ya ng'ombe, baiskeli na ukame.

Uhuru ulikuja na maneno mapya, na tusidanganyane, mengine yalikuwa ya kweli. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Rukwa alilipwa sawa na mkulima aliye karibu na Dar es Salaam, na gharama ya umbali ikabebwa na taifa zima. Wataalamu walikuja kuilaani siasa hiyo kwamba ilifilisi mashirika, nayo ikaachwa katika miaka ya 1980. Huenda walikuwa na haki katika hesabu. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo zito: kwamba kukaa mbali si kosa la mtu.

Wazo hilo halikutumika kila mahali. Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa mwaka 1969 hadi 1974, ulichagua miji 9 ya kukuzwa ili Dar es Salaam isimeze kila kitu. Miji yenyewe ilikuwa Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara. Karibu yote ilikuwa tayari kwenye reli au bandari tangu ukoloni. Shinyanga, mkoa wa almasi na pamba, haikuwamo. Aliyekuwa nacho aliongezewa. Na ule mkono ambao Wasukuma walikuwa wamejijengea wenyewe, yaani ushirika wa pamba uliokua chini ya Paul Bomani tangu miaka ya 1950, ulikatwa mwaka 1976 serikali ilipofuta vyama vikuu vya ushirika. Vyama vilirudishwa katika miaka ya 1980, lakini nguvu ile ya zamani haikurudi.

Reli nayo ikachakaa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliivunja, na mafuriko ya Desemba 2009 kati ya Kilosa na Gulwe yaliifunga kwa miezi. Mwaka 2007 ilikodishwa kwa kampuni kutoka India, na ndoa hiyo haikudumu. Watu wengine husema mambo haya ni ya wahandisi na mawaziri wa fedha. Hapana. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma bila breki huko Igandu, Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Ukosefu wa njia nzuri una makaburi yake. Mtu hajazi meli iliyojaa kwa kupenda. Anapanda kwa sababu barabara ya kuzunguka ziwa itamchukua siku kadhaa, na msiba nyumbani haumngoji.

Ndipo ikaja dhahabu, safari hii kwa kishindo. Geita ilikuwa na mgodi tangu enzi za Mwingereza, uliofungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama ya wakati huo, ukafuata mwaka 2001. Kabla yake, Agosti 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kwa nguvu, na kisa hicho bado kinazungumzwa kwa uchungu mpaka leo. Umeme mkubwa ulivutwa kutoka Shinyanga hadi mgodini, nyaya zikapita juu ya vijiji, na chini yake watu wakaendelea na koroboi. Kitaalamu kuna maelezo: umeme wa njia ile ni mkubwa mno, hauwezi kuingia nyumbani bila kituo cha kuupooza. Sawa. Lakini kituo kilijengwa kwa ajili ya mgodi na hakikujengwa kwa ajili ya kijiji, na huo si utaalamu tena, ni uamuzi.

Na hongo je? Kwa miaka mingi mikataba ya migodi mikubwa ilipanga halmashauri ya wilaya ilipwe dola 200,000 za Marekani kwa mwaka, dhahabu ipande bei au ishuke, mpaka baadaye ikageuzwa kuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulio kando tu ya mji wetu wa Kahama, ulitiwa saini London mwaka 2007. Mbunge Zitto Kabwe alipouhoji alisimamishwa kuhudhuria Bunge. Makelele ya mwaka ule ndiyo yaliyozaa kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini. Buzwagi ilianza uzalishaji mwaka 2009 na kuchimba kukaisha mwaka 2021. Mgodi mzima ulizaliwa, ukaishi na kufa ndani ya miaka kama 12. Mtoto aliyezaliwa Nyahanga siku ya ufunguzi hakuwahi hata kuanza sekondari.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Waafrika tu. Iko nchi ndogo iitwayo Wales, iliyo ndani ya Ufalme wa Uingereza. Katika karne ya 19 mabonde yake ya kusini yalitoa makaa ya mawe yaliyoendesha meli za dunia, na reli zake zilishuka kutoka migodini hadi bandari ya Cardiff. Makaa yamekwisha, ramani imebaki. Hadi leo mtu wa Cardiff akitaka kwenda kaskazini mwa Wales kwa treni, njia yake ya kawaida inapita ndani ya England. Huyo ndiye Mwanza-kwenda-Dar-kwa-Nairobi wa Ulaya! Kisha serikali ya London ikaamua kujenga reli ya mwendokasi iitwayo HS2. Haina hata mita moja ndani ya Wales, lakini iliandikwa kwenye vitabu kuwa ni mradi wa "England na Wales". Kwa maandishi hayo Wales ikakosa mgawo wa fedha ambao Scotland na Ireland ya Kaskazini ziliupata kwa sababu ya mradi huohuo. Wanasiasa wa Wales, hata wa vyama vinavyogombana, wamelalamika kwa miaka. Wenzetu wale wana lami, wana umeme, wana kila kitu kwa macho yetu. Ugonjwa wao ni uleule, maana kipimo cha haki kimeshikwa na mtu aliye mbali.

Je, kuna siku njia ilimfuata mtu badala ya mzigo? Ipo, na kila mtu wa Kahama anaifungua asubuhi kwenye bomba. Mkataba wa Nile wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri uliwafunga watu wa Ziwa Victoria wasitumie maji yao bila ridhaa ya Misri. Nyerere aliukataa baada ya Uhuru, lakini kukataa kwa maneno hakukujaza ndoo. Mwaka 2004 serikali iliamua kuvuta maji kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Misri ilipinga. Serikali ikaendelea, tena kwa fedha zake yenyewe, na mwaka 2009 Rais Kikwete akauzindua mradi. Bomba hilo halikubeba dhahabu wala pamba. Lilikuja kwa sababu watu walikuwa na kiu, na kwa sababu kulikuwa na viongozi waliokubali kugombana na mkubwa kwa ajili ya kiu hiyo. Kumbe inawezekana!

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa kanda hii. Wanasema dawa ya kusahauliwa ni kumpata mtoto wa nyumbani pale Ikulu. Wanamtaja John Magufuli, mwana wa Chato, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi kwa vipindi viwili, kisha Rais kuanzia 2015 hadi alipofariki mwaka 2021. Ni kweli kwamba lami nyingi ya nchi hii ina alama za mkono wake. Barabara ile ya Singida hadi Nzega iliwekwa lami katika miaka ya 2000, na safari za Nairobi zikawa hadithi. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilianza kujengwa wakati wake, likafunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Mgonjwa wa Sengerema au Geita hangoji tena kivuko usiku. Daraja hilo lina haki yake, na hata mtu wa Kagera na wa Rwanda analihitaji.

Lakini Chato ilijengewa pia uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya kilomita 3, ilhali miji mingi yenye watu na biashara kubwa kuliko Chato haikuwa na kitu kama hicho. Wapo wanaosema ilikuwa zamu yetu ya kula. Hapo ndipo penye hatari. Ukikubali kwamba njia ni zawadi ya mtoto wa nyumbani, umekubali pia kwamba mikoa isiyo na mtoto Ikulu ikae gizani, na kwamba siku yako itakapopita utanyamaza. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipoandamana, na wengine kufa, kwa sababu gesi yao ilikuwa ikipelekwa Dar es Salaam kwa bomba, wangapi kati yetu huku kwenye dhahabu walisema neno? Tulitazama kwenye televisheni kama mechi ya timu za watu wengine. Shida yao ilikuwa ya kwetu, imebadilika rangi tu.

Kinachotakiwa ni kipimo kilichoandikwa, kinachomhukumu kila mtawala, awe wa Chato, wa Msoga au wa Kizimkazi. Kenya wamejaribu. Mwaka 1965 serikali yao iliandika katika waraka wake namba 10 kwamba fedha zielekezwe kule zitakakozaa zaidi, na kaskazini ya nchi ikangoja. Lami haikufika Moyale mpaka miaka ya 2010. Katika Katiba ya mwaka 2010 waliweka Kifungu cha 204, kinachotenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20 kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Utekelezaji umesuasua, hilo linajulikana. Lakini mtu wa Marsabit anayo karatasi ya kushika mkononi anapodai. Sisi tunashika picha ya mgombea.

Swali hili halingoji. Mwaka 2021 ujenzi wa reli mpya ya kisasa ulianza kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, na kule mashariki treni za umeme zimekuwa zikifika Dodoma tangu mwaka 2024. Reli hiyo inapita palepale alipopita Mwingereza mwaka 1928, na sababu kubwa inayotajwa ni mizigo ya nchi jirani. Si vibaya. Isaka imekuwa bandari kavu ya Rwanda na Burundi tangu miaka ya 1990, na malori yake yamelisha mama ntilie wengi wa Kahama. Ila kuna mambo ya kuuliza sasa, kabla saruji haijakauka. Stesheni ngapi zitakuwa za abiria? Mkulima wa mpunga wa Kahama atapakiaje magunia 10, au behewa litakuwa la mwenye kontena tu? Nauli itamfaa nani? Maswali haya yakiulizwa baada ya uzinduzi ni malalamiko. Yakiulizwa leo ni siasa.

Wenzangu mnaojifunza kuandika, tunapenda kuandika mapenzi ya mjini na majambazi, nami ni mmoja wenu. Lakini hadithi ya nchi hii iko kwenye mafaili ya halmashauri na kwenye vichwa vya wazee waliofanya kazi relini, na wazee hao wanaondoka. Muulize mzee wa mtaa wako barabara yake ilijengwa mwaka gani, ilikuwa inakwenda kuchukua nini, na nani aliulizwa kabla. Andika atakavyokujibu. Sehemu kubwa ya majibu itakuwa kwamba hakuulizwa mtu, na huo ndio mwanzo wa riwaya unaostahili karatasi.